Sura ya Sita: Basi Linalolipwa Kusubiri

Kuna swali ambalo wakazi wa Dar es Salaam hawajaacha kuliuliza. Mabasi mapya yanatangazwa, barabara zinapanuliwa, treni zinazinduliwa, na bado saa 12 asubuhi kituo kimefurika. Kwa nini? Swali hili lina ndugu zake. Kwa nini basi lichelewe dakika 40, kisha yafike matatu yakifuatana? Kwa nini konda amkatalie mwanafunzi mwenye nauli mkononi? Kwa nini mtu wa Gongo la Mboto apande gari linaloelekea asikokwenda, alipe, ageuze nalo, alipe tena, ili tu apate pa kukaa?

Majibu ya haraka yanajulikana. Wengine husema mabasi ni machache, wengine hulaumu foleni, wengine huwatupia lawama madereva na makonda kwamba hawana ustaarabu. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini hakuna linalofika kwenye mzizi. Sura hii inatetea hoja moja: usafiri wa jiji utabadilika tutakapobadilisha kile tunachokilipia. Leo tunalipia vichwa vya abiria. Tunatakiwa kulipia safari zilizofanyika kwa wakati wake, liwe basi limejaa au halikujaa. Vyuma, lami na reli ni vya lazima, ila namna vinavyotumika kila siku huamuliwa na fedha inalipwa kwa ajili ya nini.

Hesabu ya tajiri

Tuanze na daladala, maana ndizo zimelibeba jiji hili tangu 1983, serikali iliporuhusu watu binafsi kuingiza magari yao kwenye njia ambazo Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilikuwa limeshindwa kuzihudumia peke yake. Utaratibu wake wa fedha ni mwepisi kuuelewa. Mwenye gari, ambaye barabarani huitwa tajiri, humkabidhi dereva gari asubuhi na jioni hutaka hesabu, yaani kiasi maalumu ambacho hakipungui hata kama mvua imenyesha mchana kutwa au gari limekwama foleni nusu ya siku. Dereva hununua mafuta kwa fedha ya mauzo, humlipa konda, humwachia mpiga debe chochote, huweka hesabu pembeni, na kinachobaki ndicho ujira wake. Madereva wengi hawana mkataba wa maandishi. Dereva akichoka, deiwaka, yaani dereva wa kibarua, hushika usukani kwa masharti yale yale.

Sasa tazama maamuzi ambayo mtu mwenye akili timamu angeyafanya akiwa ndani ya utaratibu huo. Kituo cha mwanzo, kuondoka na viti vitupu ni kutoa fedha mfukoni, kwa hiyo atasubiri lijae. Likishajaa, abiria wa kituo cha nne na cha tano hawana nafasi, nao watapitwa. Jioni, watu wakiwa wamejazana upande wa mjini, hakuna faida ya kulifikisha gari tupu mwisho wa njia, kwa hiyo atakatisha ruti, atawashusha waliobaki na kugeuza. Mchana abiria wakipungua ataegesha. Usiku wakiwa wachache zaidi atalala, na muuguzi anayetoka zamu atatafuta bodaboda. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji dereva awe mtu mbaya. Mweke dereva mpole kuliko wote kwenye kiti kile, mdai hesabu ile ile, na baada ya wiki moja ataendesha kama wenzake.

Suala la mwanafunzi linaonyesha jambo hili waziwazi kuliko lolote. Nauli yake imepangwa na mamlaka chini sana ya nauli ya mtu mzima, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa mtoto hana kipato na shule haichagui umbali. Lakini hakuna anayemrudishia mwenye gari tofauti ya nauli hizo mbili. Punguzo limetolewa na serikali kwa niaba ya taifa zima, na mlipaji wake ni dereva mmoja, kwa siku moja, kutoka kwenye ujira wake. Konda anapomzuia mtoto mlangoni anafanya kosa, na sheria inamtambua kuwa mkosaji. Hata hivyo, faini na makamanda wa vituoni havijaweza kulimaliza kosa hilo kwa miaka yote hii, kwa sababu kila asubuhi linazaliwa upya kwenye hesabu.

Watetezi wa shirika la umma husema hapa kwamba dawa ni kurudi kwenye UDA. Historia haiwaungi mkono. Kampuni ya DMT ilianza kuendesha mabasi jijini mwaka 1949, ikataifishwa 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikapewa mjini, KAMATA ikapewa safari za mikoani. UDA ilikuwa ya umma kwa asilimia zote, na bado ilidhoofika ndani ya muongo mmoja. Nauli zilishikiliwa chini kwa nia njema, mafuta na vipuri vikapanda bei, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika, na pengo kati ya nauli na gharama halikujazwa ipasavyo. Basi lililoharibika likawa ghala la vipuri vya basi lingine. Kwa hiyo serikali iliendesha mabasi ikashindwa, kisha watu binafsi wakayaendesha na abiria akabaki analalamika. Katika vipindi vyote viwili abiria alikuwa chanzo pekee cha uhakika cha fedha ya kuendesha basi, na hakuna aliyelipwa kwa sababu basi limefika kwa wakati.

Mabasi sita, kusubiri kwa aina mbili

Watu hudhani idadi ya mabasi ndiyo inayoamua muda wa kusubiri. Tufanye hesabu ndogo. Njia fulani ina mabasi sita yanayopita kituoni kila saa. Yakipita kwa nafasi zilizo sawa, moja kila dakika 10, abiria anayefika wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 5. Mabasi hayo hayo sita yakija kwa makundi, matatu kwa pamoja kila nusu saa, wastani wa kusubiri unafika dakika 15. Magari hayajapungua, wala mafuta, wala madereva, ila kusubiri kumeongezeka mara tatu. Zaidi ya hapo, basi la kwanza katika kundi litajaa hadi mlangoni huku la tatu likipita na viti vitupu, na aliye ndani ya lile la kwanza ataapa kwamba jiji halina mabasi.

Dakika zinazopita kati ya basi moja na linalofuata tuziite muda wa kupishana. Muda huo ukiachwa bila msimamizi huharibika wenyewe. Basi lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni, huchukua muda mrefu kuwapakia, na hivyo huzidi kuchelewa. Linalolifuata hukuta abiria wachache, hupakia haraka, na hulikaribia lililo mbele. Baada ya vituo kadhaa yamegusana. Kuyatenganisha kunahitaji mtu mwenye mamlaka ya kumwambia dereva wa nyuma apunguze mwendo au asimame kidogo. Nani atamtii mtu huyo ikiwa kusimama kwake ni kumwachia mwenzake abiria wote walio mbele? Dereva anayelipwa kwa kichwa atafanya kinyume chake, atakimbia ampite. Mashindano ya daladala barabarani, pamoja na ajali zake, hayatokani na tabia tu. Chanzo chake ni hiki.

Kuna hesabu ya pili ambayo wapangaji wa miji huijua na wananchi hawaelezwi. Tuseme basi linachukua dakika 160 kwenda mwisho wa njia na kurudi, na tunataka moja lipite kila dakika 4. Tutahitaji mabasi 40. Tukilitengea basi lile barabara yake, foleni isiliguse, na mzunguko ukashuka hadi dakika 80, huduma ile ile itatolewa na mabasi 20. Nusu ya mabasi imepatikana bila kununua hata tairi. Ndiyo maana njia maalumu ya basi, hata ile ya kuchorwa kwa rangi na kulindwa na askari saa za asubuhi na jioni, mara nyingi ni rahisi kuliko kununua mabasi zaidi ya kwenda kukwama pamoja na yaliyopo. Barabara za juu, ile ya Mfugale pale TAZARA iliyofunguliwa 2018 na makutano ya Kijazi pale Ubungo ya 2021, zimeondoa mateso ya kweli kwenye makutano yale. Hata hivyo gari dogo lenye mtu mmoja linatumia karibu theluthi moja ya nafasi ya basi, na jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu 5,383,728 haliwezi kumtafutia kila mmoja nafasi ya namna hiyo barabarani.

Mwendokasi: kilichothibitika na kilichokosekana

Mwezi Mei 2016 Dar es Salaam ilianza kutumia mabasi yaendayo haraka, mwendokasi, kwenye mtandao wa takribani kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ukiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Mabasi 140 yaliingia barabarani. Nauli zilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa mabasi yanayoleta abiria kutoka pembeni, na 800 kwa anayeunganisha yote mawili. Namba hiyo ya mwisho ni ya kutazamwa vizuri. Mtu angelipa 1,050 kwa vipande viwili, lakini alilipa 800, kwa kuwa mpangaji alitambua kwamba kubadilisha gari ni usumbufu ambao abiria hakuuchagua na hastahili kutozwa faini kwa ajili yake. Mwaka 2018 jiji likawa la kwanza Afrika kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Kilichothibitika kilikuwa kikubwa. Njia ya katikati ya barabara, mlango ulio sawa na jukwaa la kituo, na nauli inayolipwa kabla ya kupanda vilipunguza safari ya Kimara hadi mjini kutoka masaa hadi dakika. Watu waliokuwa wakiamka saa 10 alfajiri walipata usingizi zaidi. Yeyote anayesema mfumo huu hauwezi kufanya kazi katika nchi yetu anapaswa kukumbushwa miezi ile ya mwanzo.

Kilichokosekana kilijitokeza taratibu. Abiria waliongezeka kuliko mabasi. Karakana kuu ilikuwa imewekwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yakaharibu mabasi na kuifunga njia mara kwa mara, hadi ukaandaliwa mpango wa kuiondoa pale na kulijenga upya daraja. Tiketi za karatasi zilitumika kwa miaka mahali palipotakiwa kadi, na panapotumika karatasi hakuna ajuaye kwa hakika ni watu wangapi wamepanda, wapi, saa ngapi. Awamu ya pili, ya kilomita 20 na ushee kuelekea Mbagala, ilikamilika lami na vituo, kisha vituo hivyo vikakaa muda mrefu bila mabasi.

Kisa cha Mbagala kina funzo kuliko vyote. Kujenga barabara kuna mkopo, mkandarasi, jiwe la msingi na tarehe ya makabidhiano. Kuendesha basi kila dakika 4 kwa miaka 12 hakuna jiwe la msingi. Kunahitaji mkataba unaosema nani ataendesha, atalipwa nini kwa kila kilomita, fedha itatoka mfuko gani, na atakatwa kiasi gani asipotokea. Tulikuwa hodari wa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili tuliiacha itafutiwe majibu baada ya lami kukauka.

Kwa kifupi hadi hapa: dereva anayelipwa kwa kichwa lazima asubiri gari lijae, mabasi yasiyosimamiwa hujikusanya makundi na kuongeza kusubiri hata kama ni mengi, njia maalumu huongeza huduma bila kuongeza magari, na njia nzuri bila mkataba wa uendeshaji hubaki lami tupu.

Reli tatu zisizokutana

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusiache mabasi tukakimbilia treni. Treni moja hubeba watu wa mabasi mengi, haijui foleni, na jiji tayari lina reli. Kweli lina reli, tena za aina tatu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. Reli ya kisasa, SGR, ina 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Kwa hiyo ndoto ya treni moja kutoka Pugu inayoingia popote mjini kwa kubadilisha njia haiwezekani kwa vyuma vilivyopo. Abiria ndiye atakayebadilisha, na kubadilisha kwake ndiko kunakopaswa kurahisishwa.

Oktoba 2012, wakati Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za abiria za mjini zilianzishwa kwenye reli mbili za zamani, na wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe. Zilipokelewa kwa shangwe, na bado zina watu wake waaminifu. Udhaifu wake haukuwa mwendo. Safari zilikuwa chache, za asubuhi na jioni, juu ya njia moja inayotumiwa pia na treni za mizigo na za mikoani. Ukiikosa ya asubuhi hakuna nyingine ya karibu. Usafiri wa namna hiyo unamfaa mwenye saa maalumu za kazi, lakini mama anayetoka sokoni saa 5 au kijana anayetoka chuo saa 8 hauwezi kuutegemea.

SGR ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, fikra zilielekea kwenye safari ndefu, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Lakini ina vituo vya Pugu, Soga na Ruvu, ndani ya eneo ambalo watu wake wanalala Pwani na kufanya kazi Dar es Salaam. Treni ya umeme kwenye kipande hicho inaweza kufanya kazi ambayo hakuna basi litaiweza, mradi mambo mawili yatimizwe: iwe na safari za kutosha kwa wafanyakazi wa kila siku, na basi liwe linaisubiri kituoni. Jambo hilo la pili hupuuzwa. Thamani ya stesheni hutegemea idadi ya watu wanaoweza kuifikia bila kulipa bodaboda fedha inayozidi nauli ya treni yenyewe. Basi linalolipwa kwa kichwa halitasubiri treni iliyochelewa dakika 6, kwa sababu dakika hizo ni hasara yake. Basi linalolipwa kwa safari litasubiri, maana limeelekezwa na limelipwa lisubiri.

Kulipia safari

Muuguzi wa zamu ya usiku halipwi kwa idadi ya wagonjwa walioletwa. Analipwa awepo, na hakuna anayeona ajabu. Usafiri wa jiji unahitaji mantiki hiyo hiyo. Mamlaka moja inachora njia, inapanga muda wa kupishana, inakusanya nauli zote kwenye mfuko mmoja, kisha inawalipa waendeshaji kwa kila kilomita waliyoitembea kulingana na ratiba. Mwendeshaji anaweza kuwa kampuni binafsi, ushirika wa wenye daladala, au shirika la umma. Hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba hatari ya gari kutojaa inatoka mabegani mwa dereva na kuhamia kwa mpangaji, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuhamisha mabasi kutoka njia hii kwenda ile.

Wazo hili limejaribiwa. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ulianza mfumo wake wa TransMilenio Desemba 2000 kwa kampuni binafsi zilizolipwa kwa kilomita kutoka mfuko wa pamoja wa nauli, mahali ambapo awali madereva walishindana barabarani kugombea senti. Mfumo ule leo una msongamano mkubwa na malalamiko yake ni ya haki, lakini mashindano ya kugombea abiria kwenye njia zake yaliisha. Jiji la Manchester na miji jirani yake, nchini Uingereza, lilipita njia yenye funzo zaidi kwetu. Mwaka 1986 mabasi ya nje ya London yaliachiwa soko huria: kila kampuni ikachagua njia na nauli yake. Njia zenye faida zikajazana mabasi, za pembeni zikakauka, na tiketi ya kampuni moja ikakataliwa na nyingine. Kati ya Septemba 2023 na Januari 2025 mamlaka ya eneo lile, inayounganisha halmashauri 10, ilirudisha mabasi yote chini ya mpango mmoja na kuingia mikataba na kampuni binafsi za kuyaendesha. Mwaka 2025 abiria wakaanza kugusa kadi moja kwenye basi na tramu, na malipo ya siku yakawekewa kikomo. Nchi iliyolitangazia dunia soko huria la mabasi ilihitaji miaka 37 kuanza kurudi.

Mkataba wa namna hii, kwa njia ya Dar es Salaam, ungepaswa kutaja angalau mambo haya:

– muda wa kupishana kwa saa za asubuhi, mchana, jioni na usiku, kila moja peke yake;
– basi la kwanza linaondoka saa ngapi na la mwisho saa ngapi, Jumapili ikiwemo;
– malipo kwa kila kilomita, na namna yatakavyobadilika bei ya mafuta ikibadilika;
– makato kwa safari isiyofanyika, iliyokatishwa, au iliyoruka kituo;
– mishahara ya madereva kwa mwezi na ukomo wa saa zao kazini;
– mabasi ya akiba, kwa kuwa karakana daima ina magari yanayotengenezwa.

Sharti la mishahara ni la msingi. Mwendeshaji akilipwa kwa kilomita huku yeye akiendelea kumdai dereva hesabu, tutakuwa tumempa tajiri fedha zaidi na abiria atabaki kituoni.

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza ni fedha. Nauli ikiwa nafuu na mabasi yakitembea hata mchana, mfuko hautajitosheleza, na serikali italazimika kutoa ruzuku, yaani kuchangia gharama kutoka fedha za umma. Ni kweli, na afadhali isemwe wazi. Lakini fedha hiyo hata sasa inatoka mifukoni mwa watu, ila kwa njia mbovu kabisa. Anayegeuza na gari analipa mara mbili. Anayechelewa kazini anakatwa. Anayechoka kusubiri anapanda bodaboda kwa bei ya nauli kadhaa, na wengine huishia wodini. Dereva analipia punguzo la wanafunzi. Hiyo yote ni kodi isiyo na risiti, na huwabana zaidi wanaoishi mbali, ambao ndio wenye kipato kidogo. Tena tayari tumekubali kwamba umma uchangie safari: kila anayenunua mafuta huchangia Mfuko wa Barabara, na hakuna anayedai barabara ijilipe yenyewe. Sehemu ya fedha za namna hiyo, pamoja na ada za maegesho mjini, ingeanza na fidia ya punguzo la wanafunzi. Kwa hatua hiyo peke yake mtoto angekuwa abiria mwenye thamani sawa na mwingine mlangoni.

La pili ni ulaghai. Ukimlipa mtu kwa kilomita, ataandika kilomita hewa. Santiago, mji mkuu wa Chile, ulionja hili kwa namna yake: Februari 2007 mtandao mzima ulibadilishwa kwa siku moja, mikataba ikawahakikishia waendeshaji sehemu kubwa ya mapato bila kuyafunga na huduma iliyotolewa, mabasi hayakutosha barabarani, na rais wa nchi akalazimika kuwaomba radhi wananchi. Mafunzo ni mawili. Malipo yafuate safari iliyothibitishwa, na mabadiliko yaende njia kwa njia. Kuthibitisha si tatizo la zana. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, tayari inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vinavyotuma taarifa ya gari lilipo. Kifaa kile kinachoonyesha kwamba basi la Mbeya limepita mwendo kinaweza pia kuonyesha kwamba basi la Kigogo halikufika mwisho wa njia.

La tatu, ambalo lina uzito kuliko yote kwa maisha ya watu, ni wenye daladala wenyewe. Wengi wana gari moja, limenunuliwa kwa mkopo au kiinua mgongo, na mpango wowote unaowafagilia pembeni ni dhuluma, na pia hautafanikiwa. Johannesburg ilipoanzisha mfumo wake wa Rea Vaya mwaka 2009, kulikuwa na upinzani mkali wa wenye teksi, ambazo kule ni mabasi madogo kama daladala. Majadiliano yakaendelea, na mwaka 2011 wenye magari walioguswa na njia zile wakawa wanahisa wa kampuni ya kuyaendesha mabasi. Mwenye daladala aina ya Coaster wa Dar es Salaam anaweza kupewa njia mbili za halali za kuchagua: kuingiza thamani ya gari lake kama hisa kwenye ushirika utakaopewa mkataba, au kubaki na gari lake akilipwa kwa kilomita kwenye njia za kuleta watu vituoni, mitaa ambayo basi la mita 18 haliingii. Dereva na konda nao wahesabiwe. Madereva wataendelea kuhitajika. Makonda wafunzwe kazi za vituoni, kadi na usimamizi wa karakana kabla kadi hazijawatoa mlangoni.

Mwenye mamlaka ni nani?

Linabaki swali la nani atie saini. Leo DART inasimamia mwendokasi, LATRA inatoa leseni za daladala na kupanga nauli, TANROADS ina barabara kuu, TARURA ina za mitaa, TRC ina reli mbili, TAZARA ni mali ya nchi mbili, na kivuko cha Kigamboni kiko chini ya TEMESA. Halmashauri za Dar es Salaam ni tano, na jiji halisi limekwishavuka mipaka yake: Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo ziko mkoa wa Pwani kwenye karatasi, lakini watu wake wanaamkia barabara za Dar es Salaam. Kituo Kikuu cha Magufuli pale Mbezi Luis, ambapo mabasi ya mikoani hushusha maelfu ya watu wanaoendelea mjini, hakiwezi kupangwa vizuri na mtu anayeona upande mmoja tu wa mpaka.

Kuanzisha taasisi nyingine juu ya hizi hakutasaidia ikiwa haitakuwa na mfuko. Kinachohitajika ni chombo kimoja cha eneo zima, Dar es Salaam na wilaya za Pwani zinazopakana nayo, chenye mamlaka ya mambo matatu tu: ramani ya njia, mfuko wa nauli, na mikataba. Wengine wabaki na lami, reli na leseni zao. Chombo hicho kianze na ukanda mmoja, kwa mfano wa Pugu, ambako reli zipo na barabara ipo: kadi moja kwa treni na mabasi, daladala za njia za pembeni zilipwe kwa kilomita, punguzo la wanafunzi lifidiwe kila mwezi. Na kwenye nguzo ya kila kituo cha ukanda ule ibandikwe karatasi ya mkataba inayomhusu abiria: basi linatakiwa kupita kila baada ya dakika ngapi, la mwisho ni saa ngapi, mwendeshaji ni nani, mwezi uliopita alikosa safari ngapi, na alikatwa shilingi ngapi.